Imamu Ghazali: Mwaka Ambao Ulimi Uligoma

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika toleo hili nimeona nikuleteeni maisha ya mtu ambaye jina lake tumelisikia tangu madrasa, lakini kisa chake wengi wetu hatukusimuliwa chote. Tulifundishwa kwamba Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Allah amrehemu, aliitwa Hujjatul Islam, na kwamba aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Ihya Ulumuddin. Mara chache tuliambiwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 37 hivi, akiwa mwalimu mwenye jina kubwa mjini Baghdad, alikaa mbele ya wanafunzi wake akashindwa kutamka hata neno moja. Chakula hakikushuka kooni. Matabibu walikata tamaa.

Nataka kulizungumza jambo hili kwa sababu hapa kwetu Bujumbura, vyuoni na mitaani, kuna maneno tumezoea kuambiana. Tunasema Muislamu wa kweli hapati wasiwasi. Tunasema ukiona moyo umekuwa mzito, basi ujue imani yako imepungua. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini humfunga mwenzetu mdomo. Anakuja msikitini, anasimama safu ya mbele, mitihani anafaulu, na ndani anaporomoka bila mtu kujua. Maisha ya Imamu Ghazali yanatufundisha kuuangalia moyo kwa namna nyingine.

Mtoto wa msokota sufu

Alizaliwa karibu na mwaka 1058 (450 Hijria) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambao magofu yake yako karibu na Mashhad ya leo, Iran. Wanahistoria wamepokea kwamba baba yake alikuwa mtu masikini, akisokota sufu na kuiuza. Hakuwa amesoma, lakini alipenda sana kukaa kwenye vikao vya wanavyuoni, na alimuomba Mwenyezi Mungu ampe watoto watakaopata kile alichokikosa yeye.

Alipoona mauti yamekaribia, alimwita rafiki yake, mchamungu mmoja masikini kama yeye, akamkabidhi wanawe wawili, Muhammad na mdogo wake Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Alimuusia awasomeshe hata kama akiba yote itaisha. Na kweli iliisha. Rafiki yule akawaambia wazi kwamba hana cha kuwapa, na kwamba njia iliyobaki ni kujiunga na madrasa ambako mwanafunzi hupata chakula na mahali pa kulala.

Hapa ninaomba tusimame kidogo. Mwanachuoni huyu mkubwa aliingia madrasa akiwa yatima anayetafuta kula. Yeye mwenyewe baadaye alipokewa akikiri kwamba mwanzo hawakuitafuta elimu kwa ajili ya Allah, ila elimu yenyewe ndiyo iliyokataa kuwa ya mwingine. Wangapi katika sisi tumechagua fani kwa sababu nyumbani wanasubiri mshahara? Hiyo haikuwa aibu kwake, na kwetu si aibu. Lakini hofu ya njaa ikimshika mtoto, haitoki siku anaposhiba. Hugeuka ikawa hamu ya cheo, hamu ya kusifiwa, hamu ya kutopitwa na yeyote. Ukisoma maisha ya Ghazali kwa makini utaona hamu hiyo ikimsukuma kwa miaka mingi kabla hajaigeukia na kuitazama usoni.

Majambazi wa njiani

Alisoma Tus, kisha akasafiri hadi Jurjan. Wakati wa kurudi, msafara wao ulivamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali akawafuata nyuma, akamsihi mkuu wao amrudishie mfuko mmoja tu wa daftari. Akamweleza kwamba kwao wao hauna faida yoyote, na kwake yeye ndiyo elimu yote aliyoihangaikia. Mkuu wa majambazi akacheka. Akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akichukuliwa karatasi anabaki hajui kitu. Kisha akaamuru arudishiwe.

Kijana mwingine angeondoka na daftari zake na hasira yake. Ghazali aliliona lile neno kama onyo kutoka kwa Mola lililopita kwenye kinywa cha jambazi. Akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Leo tungesema elimu yake yote ilikuwa kwenye simu, na simu ikaibwa. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha tabia moja iliyomfaa hadi mwisho: alikuwa na uwezo wa kusikia ukweli kutoka kwa mtu anayemchukia. Tabia hiyo tutaikuta tena mbele katika mafundisho yake.

Kileleni

Kutoka hapo alikwenda Nishapur akawa mwanafunzi wa Imamul Haramayn Al-Juwayni, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ambayo sisi tuliyapokea kutoka Hadhramaut na pwani ya Afrika Mashariki. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, Ghazali alijiunga na baraza la Nidhamul Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, ambaye alijenga madrasa kubwa zilizoitwa Nidhamiyya katika miji mingi. Kwenye baraza lile wanavyuoni walishindana kwa hoja mbele ya waziri, na Ghazali aliwashinda.

Mwaka 1091, akiwa na miaka 33 hivi, aliteuliwa kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad. Hapo ndipo palikuwa kileleni. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na wanafunzi 300. Katika nyakati alizoiba kati ya kufundisha na kuandika, alijisomea falsafa peke yake kwa muda usiofika miaka miwili mpaka akaielewa, kisha akaandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa. Yatima wa Tus sasa alikuwa anavaa vizuri, anasikilizwa na mawaziri, anahudhuria mambo ya makhalifa.

Lakini miaka ileile dunia ilimwonyesha sura yake. Mwaka 1092 Nidhamul Mulk aliuawa, na haikupita muda mrefu Sultani Malikshah naye akafa. Mwaka 1094 khalifa wa Baghdad naye akafariki. Watu watatu ambao vyeo vyote viliegemea kwao waliondoka ndani ya miaka miwili. Katika kitabu alichoandika baadaye kuhusu maisha yake, Al-Munqidh minadh-Dhalal, Ghazali hakuvitaja vifo hivi kuwa sababu ya yaliyompata. Alitaja kitu cha ndani zaidi: alijiuliza kwa nini anafundisha.

Miezi sita ya mvutano

Swali lilikuwa jepesi, jibu likamuumiza. Alipoichunguza nia yake aliona kwamba kufundisha kwake hakukuwa kwa ajili ya Allah peke yake. Kilichomwamsha asubuhi kilikuwa jina na umaarufu. Akajiona amesimama kwenye ukingo wa shimo.

Ukishajua jambo kama hilo, utafanya nini? Wengi tunadhani mtu mkubwa huamua papo hapo. Ghazali hakuweza. Siku moja alikata shauri kuondoka Baghdad, siku ya pili akavunja shauri lake. Asubuhi alitamani Akhera, jioni matamanio yalirudi na majeshi yao. Nafsi ilimnong'oneza kwamba hali hii itapita, kwamba akiacha cheo kizuri hivi atakuja kukijutia na hatakipata tena. Hali hiyo ilianza mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, yaani kiangazi cha mwaka 1095, ikaendelea karibu miezi sita.

Kisha mwili ukaamua. Ulimi ukafungika. Alijilazimisha kufundisha walau siku moja ili awaridhishe waliokuwa wakimjia, lakini neno halikutoka. Huzuni ikaingia moyoni, na kutoka moyoni ikaingia tumboni. Akawa hawezi kumeza tonge wala kuyeyusha chakula, nguvu zikamwisha. Matabibu waliitwa. Walipomchunguza walisema ugonjwa huu umeanzia moyoni ndipo ukaingia mwilini, na kwamba hakuna dawa itakayofaa mpaka kwanza moyo upumzike na lile lililouelemea.

Ninaposoma sehemu hii najiambia mambo matatu. La kwanza, matabibu wa zama zile, zaidi ya miaka 900 iliyopita, walijua kwamba huzuni inaweza kumzuia mtu kula na kusema, na hawakumwambia kwamba anajifanya. La pili, Ghazali alikubali kutazamwa na tabibu. Hakuona kwamba kwenda kwa tabibu kunapunguza kumtegemea Mwenyezi Mungu. La tatu, ndilo kubwa kwangu, ni kwamba yeye mwenyewe aliyaandika haya. Alikuwa na kila sababu ya kuyaficha. Aliyaandika akiwa mzee anayeheshimiwa, ili atakayekuja nyuma yake ajue kwamba njia hii imepitwa na watu kabla yake.

Alipokwisha hila zote, akamgeukia Mola wake kama mtu aliyezama asiyeona wa kumshika mkono. Anasema baada ya hapo ikawa rahisi kwake kuacha cheo, mali, watoto na marafiki.

Kuondoka kwa mpango

Neno kuacha lisitudanganye. Hakuamka usiku akakimbia. Aligawa mali yake, lakini alibakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake. Nafasi yake ya kufundisha ilishikwa na mdogo wake Ahmad, yule waliyeingia naye madrasa wakitafuta kula. Kwa watu alisema anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, kwa sababu alijua khalifa na marafiki wangemzuia. Mwishoni mwa mwaka 1095 akatoka Baghdad. Watu wa Iraq wakabaki wanakisia. Hakuna aliyetaka kuamini kwamba mtu anaweza kuacha nafasi ile kwa ajili ya dini, wakati wao waliona nafasi ile ndiyo cheo cha juu cha dini.

Alifika Damascus, akawa anakaa itikafu katika Msikiti wa Bani Umayya, akipanda mnara wake na kujifungia mchana kutwa. Akaenda Baitul Muqaddas, akawa anajifungia ndani ya Kubba ya Mwamba. Akazuru Hebron, mji ambao Waarabu huuita Al-Khalil, na mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, akaweka nadhiri tatu: hatakwenda tena kwenye mabaraza ya watawala, hatapokea fedha zao, na hatashindana kwa hoja mbele za watu. Tazameni hizo nadhiri. Kila moja imefunga mlango uleule ambao ugonjwa wake uliingilia. Alikuwa amejijua. Kisha akaenda Hijja.

Baada ya Hijja, watoto walimwita na moyo ukamvuta kwao, akarudi nchi yake. Hapa pana jambo ambalo hupitwa haraka na wanaosimulia kisa chake. Anakiri kwamba hata katika miaka ile ya kujitenga, utulivu kamili haukumpata kila wakati. Mahitaji ya familia na shida za riziki zilimkatiza. Saa za utulivu zilikuja mojamoja, zimetawanyika, na yeye hakukata tamaa, aliendelea kuzirudia. Kwa hiyo ndugu yangu unayeswali Alfajiri ukiwa na utulivu, na ifikapo saa nne moyo umeshavurugika kwa sababu ya ada ya chuo, jua kwamba hata Ghazali aliishi hivyo.

Aliyoyavuna kuhusu hisia

Katika miaka hii ndipo alipoandika Ihya Ulumuddin, vitabu 40 vilivyopangwa katika robo nne: ibada, mambo ya maisha ya kila siku, yanayoangamiza, na yanayookoa. Robo ya tatu na ya nne ni kama ramani ya moyo wa mwanadamu. Wanavyuoni wa baadaye walikikosoa kitabu hicho, hasa kwa hadithi dhaifu zilizomo, na Al-Iraqi akafanya kazi ya kuzichambua. Hilo ni jambo la kujua. Lakini katika kuufahamu moyo, wachache wamefika alipofika. Nitataja machache ambayo nimeyaona yana manufaa kwa mwanafunzi.

Kwanza, hisia si adui. Anamfananisha mtu na mwindaji aliyepanda farasi huku mbwa wake akikimbia mbele. Akili ndiye mwindaji, matamanio ni farasi, hasira ni mbwa. Mwindaji akiwa stadi, farasi akatulia na mbwa akafundishika, uwindaji unafanikiwa. Mwindaji akiwa hajui, farasi mkaidi na mbwa mkali asiyesikia, huyo arudi nyumbani salama tu atashukuru. Angalieni kwamba hakusema mbwa auawe. Mtu asiye na hasira kabisa kwake ni mwenye upungufu, kwa sababu hataikinga familia yake wala hatachukizwa na dhulma. Hasira inayotakiwa ni ile inayongoja ruhusa ya akili na sheria, inayowaka panapostahili na kuzimika panapostahili. Na dawa yake ina sehemu mbili, elimu na vitendo. Elimu ni kukumbuka kwamba uwezo wa Allah juu yako ni mkubwa kuliko uwezo wako juu ya huyo aliyekukera. Vitendo ni vile tulivyofundishwa katika Sunna: kujilinda kwa Allah na shetani, aliyesimama akae, aliyekaa alale, na kutawadha kwa maji ya baridi. Mwili ukitulizwa, moyo hufuata.

Pili, husuda hukaa kwa jirani. Ghazali aliona kwamba mwanachuoni humhusudu mwanachuoni mwenzake, na mfanyabiashara humhusudu mfanyabiashara, kwa sababu wanagombea kitu kimoja. Mtu hamhusudu aliye mbali naye. Basi usishangae ukiona kijiba cha moyo kwa mwenzako mliyesoma pamoja aliyepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, wakati tajiri wa nchi nyingine hakuumizi hata kidogo. Kisha anatoa kipimo ambacho mimi nakiona ni cha ajabu. Elimu yenyewe haigombaniwi, kwa kuwa nikikufundisha ninachokijua hakipungui kwangu. Mali na cheo ndivyo vinavyogombaniwa, kwa kuwa kikiwa mkononi mwangu hakiwezi kuwa mkononi mwako. Basi ukijiona unamhusudu mwanafunzi mwenzako, husuda yako imekuambia ukweli kuhusu nia yako: ulichokuwa unakitafuta darasani hakikuwa elimu. Haya aliyaandika mtu aliyekwisha kuishi hivyo Baghdad. Na dawa yake ni kwenda kinyume na inavyokuamuru: ikikuambia msengenye, wewe msifu.

Tatu, tabia hujengwa kwa kurudia. Anayetaka kuwa na hati nzuri, anasema, hana njia ila kuiga kwa kujilazimisha mwandiko wa fundi wa hati, siku baada ya siku, mpaka mkono uandike vizuri wenyewe. Basi anayetaka kuwa mkarimu ajilazimishe kutoa, anayetaka unyenyekevu ajilazimishe vitendo vya wanyenyekevu, mwanzo kwa taabu na mwisho kwa maumbile. Hili linatuondolea dhana kwamba kujilazimisha ni unafiki. Unafiki ni kujionyesha mbele za watu. Anayejilazimisha wema ili auzoee huyo ni mwanafunzi.

Nne, dawa hutofautiana. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja atawaua wengi wao, na mlezi wa nyoyo ni hivyo hivyo. Hofu ya Mwenyezi Mungu ni dawa ya anayejiamini kupita kiasi na kuendelea kuasi. Matumaini ni dawa ya aliyekata tamaa mpaka akaacha ibada, na ya aliyezidiwa na hofu mpaka akajidhuru mwenyewe na watu wake. Sisi vijana wa daawa tulichukue hili kwa uzito. Mwenzetu anapokuja analia usiku kwa dhambi zake, hawezi kula wala kulala, tukimsomea adhabu za kaburi tunampa mgonjwa dawa ya mwingine.

Tano, kuzijua aibu zako kuna njia nne: kukaa na mlezi mwenye busara, kuwa na rafiki mkweli atakayekuonyesha, kusikiliza yanayosemwa na adui yako, na kuwatazama watu, ukiona baya kwa mwenzako ujiulize kama nawe hunalo. Njia ya tatu inanirudisha kwa yule jambazi wa Jurjan. Adui huona haraka kile ambacho rafiki hukifunika kwa mapenzi.

Na la mwisho ni kujihesabu. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kupiga hesabu ya faida na hasara, na akiwa amekhini unamtia adabu. Kila muuza duka wa Buyenzi anafunga hesabu kabla hajalala. Dakika tano baada ya Isha zinatosha kwa kuanzia: leo nilikasirika lini, nilimhusudu nani, nilifurahi kwa sababu gani, na hiyo furaha ilikuwa kwa ajili ya nani.

Kurudi darasani

Mwaka 1106, baada ya miaka kama 11 tangu aondoke Baghdad, Fakhrul Mulk, mtoto wa yule waziri aliyeuawa, alimsisitiza arudi kufundisha katika Nidhamiyya ya Nishapur. Ghazali aliwataka ushauri watu wema aliowaamini, nao wakakubaliana kwamba atoke kwenye upweke wake. Kazi ilikuwa ileile kwa nje. Yeye alisema kwa ndani si ileile. Zamani alifundisha elimu inayomletea mtu cheo, na sasa aliwaita watu kwenye elimu inayomfanya mtu akione cheo ni kitu kidogo.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza kwao Tus, akiwa na madrasa na zawiya karibu na nyumba yake, akigawa wakati wake kati ya Qur'ani, kukaa na watu wa moyo na kusomesha. Alifariki mwezi 18 Desemba mwaka 1111, sawa na mwezi 14 Jumadal Akhira 505. Mdogo wake Ahmad amesimulia kwamba alfajiri ya Jumatatu alitawadha akaswali, akaomba sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akaelekea Qibla, na kabla jua halijatoka akawa amekwenda kwa Mola wake. Ulimi ambao uligoma Baghdad haukugoma siku hiyo. Alitamka kwamba anaitikia wito.

Kwetu sisi

Sikuandika haya ili mtu aache chuo na kwenda kujifungia mnarani. Ghazali mwenyewe alirudi, na kabla hajaondoka aliwaandalia watoto wake. Nimeandika ili tukubaliane juu ya mambo machache hapa kwenye jumuiya yetu. Mwenzetu akisema moyo wake umemwelemea, tumsikilize kabla ya kumhukumu. Akishindwa kula au kulala kwa siku nyingi, tumsindikize kwa daktari, na dua zetu ziende pamoja naye. Akiwa amefaulu kuliko sote, tusidhani kwamba yuko salama, maana Ghazali alianguka akiwa juu. Na kila mmoja wetu, hata kama leo yuko salama, ajiulize lile swali la Baghdad mapema, wakati bado linaulizwa kwa upole: ninachokifanya, nakifanya kwa ajili ya nani?

Ewe Mola wetu, zitengeneze nia zetu, zitulize nyoyo zetu, utupe marafiki wa kutuonyesha aibu zetu kwa upole, na umrehemu Imamu Ghazali pamoja na wote waliotufundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.